Baiskeli Huzaliwa Wakati wa Baridi

Baiskeli twaijua sote. Katika Katanga wengi huiita kinga; wenzetu wa Kisangani hupanda nyuma yake kwa nauli na kuiita toleka. Imetubebea mihogo na makaa, imempeleka mgonjwa dispensari, na mara nyingine imembeba bibi arusi mwenyewe siku ya ndoa yake. Fundi wake pia twamjua: ameketi chini ya mwembe, sanduku la vyombo kando yake, na mbele yake beseni la maji la kutafutia tundu katika mpira. Lakini je, tumepata kujiuliza fremu yenyewe, yaani ile mifupa ya chuma inayoshika magurudumu, kiti na usukani, hutoka mikononi mwa nani?

Baiskeli nyingi zilizo kwetu zimetoka katika viwanda vikubwa, ambamo mashine hutoa fremu maelfu kwa maelfu. Kipimo ni kile kile kwa wote: mrefu akunje magoti, mfupi ajinyoshe, shauri lake. Tangu zamani, hata hivyo, wamekuwako mafundi wa namna nyingine. Hao hutengeneza baiskeli moja kwa ajili ya mtu mmoja, kama vile fundi cherehani ashonavyo suti. Leo twataka kuwaongoza ninyi wasomaji mpaka milangoni pa karakana zao, na tumechagua Italia ya kaskazini, kandokando ya mji wa Milano, kwa sababu huko kazi hii ilipata sifa kubwa. Tena tumechagua majira ya baridi. Labda mtastaajabu, maana wakati wa baridi watu wapandao baiskeli ni wachache kabisa. Lakini ndiyo sababu yenyewe.

Anayedhani kwamba baridi ya Italia ni theluji tu amekosea. Katika uwanda wa mto Po theluji huanguka siku chache. Mgeni wa kila siku ni ukungu. Hutoka mashambani na katika mifereji, hufunika nchi yote tambarare, na kuna asubuhi ambapo mtu aliyesimama mlangoni haoni nyumba iliyo ng'ambo ya barabara. Jua likionekana, laonekana kama sarafu kuukuu. Saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia, na usiku maji ya madimbwi huganda. Watu wa Lubumbashi, wanaoamka alfajiri katika Juni na Julai, wataelewa kidogo. Waongeze tu juu ya baridi yao umande usiokauka kutwa nzima.

Sasa tazameni kalenda ya mbio za baiskeli za nchi ile. Mwezi wa Oktoba huwa mbio za Lombardia, zilizoanza mwaka 1905, nazo huitwa mbio za majani yaangukayo. Mwezi wa Machi huwa mbio ziitwazo Milano-San Remo, zinazoishia San Remo, mji wa maua ulio pwani. Hizo zilianza mwaka 1907, na urefu wake ni karibu kilometa 290, zote kwa siku moja. Kati ya majani yale yaangukayo na maua haya ya Machi, wapiga mbio hupumzika. Lakini apumzikapo mpiga mbio, fundi wake hapumziki. Ndipo mteja huleta fremu yake ya zamani pamoja na malalamiko yote ya mwaka: goti lauma, mgongo wauma, baiskeli yatikisika katika mteremko. Huagiza mpya, naye huitaka kabla ya Machi. Kwa miaka mingi mbio za San Remo zilifanyika tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Basi mafundi wa kule, wao wenyewe watu wa tupa na nyundo, walikuwa na siku yao ya hukumu katika sikukuu ya fundi mwenzao.

Chumba cha meta tano

Msidhani karakana hizo zilikuwa majumba. Ernesto Colnago alizaliwa mwaka 1932 katika Cambiago, kijiji kilicho mashariki ya Milano, na wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka 13 aliingia kazini katika kiwanda cha baiskeli cha Gloria huko Milano. Tena alipenda mbio, akashindana, mpaka siku moja alipoanguka na kuvunjika mguu. Akiwa amelazwa nyumbani aliomba aletewe magurudumu ayaunge huko huko. Akaona kwamba kazi ile ya nyumbani yampa faida kuliko mshahara wa kiwandani. Mguu uliovunjika ukamfungulia njia. Mwaka 1954 alifungua chumba chake mwenyewe katika Cambiago, meta tano kwa meta tano. Meza yake ya kazi ilitokana na mti wa mforosadi ambao baba yake aliukata. Katika nchi ile miforosadi ilipandwa kwa ajili ya majani yake, chakula cha viwavi wa hariri. Kwa hiyo mkulima aliyeukata mti wake alimpa mwanawe sehemu ya shamba.

Meta tano kwa meta tano! Pimeni sebule zenu. Humo lazima ziingie meza, jiliwa ya kubania chuma, mitungi ya gesi, fremu zilizotundikwa darini, mteja aliyekuja kupimwa, na rafiki za mteja waliokuja kuota moto. Maana wakati wa baridi karakana ya namna hii ni baraza ya kijiji. Kuna jiko, kuna maneno ya mbio zilizopita, na wazee husimulia safari ambazo milima yake huzidi kuwa mirefu mwaka hata mwaka. Fundi huitikia bila kuinua kichwa.

Kazi yenyewe huanza bila moto. Mteja huvua viatu na kusimama ukutani. Fundi hupima mguu toka kinena hadi unyayo, kisha paja, kiwiliwili, mkono, upana wa mabega. Watu wawili wenye kimo kimoja huenda wakahitaji fremu mbili tofauti kabisa, kwa kuwa mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwenzake ni kinyume. Baada ya kupima, fundi huuliza. Hupanda milima, au hukaa tambarare? Anapata riziki kwa mbio, au ni mwoka mikate ambaye hutembea Jumapili tu? Amepata kuvunjika mahali? Fundi mwema husikiliza majibu hayo kama daktari.

Mmoja wa mafundi wa Milano, Faliero Masi, aliyekuwa mpiga mbio zamani, aliitwa "il Sarto", maana yake Mshonaji. Karakana yake ilikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa Vigorelli, uwanja wa baiskeli wenye njia ya mbao uliofunguliwa mwaka 1935. Katika uwanja huo huo Fausto Coppi, siku ya 7 Novemba 1942, katikati ya vita, alipiga mbio peke yake kwa saa moja na kufika kilometa 45.798, wala hakuna aliyempita mpaka mwaka 1956. Si kila fundi apataye uwanja wa namna hiyo juu ya dari lake! Mteja wa Masi aliweza kutoka mlangoni na kuijaribu baiskeli papo hapo.

Na kama mnadhani kwamba kipimo ni upuzi wa watu wa Ulaya, msikilizeni habari ya Eddy Merckx, Mbelgiji aliyeshinda mbio za kuzunguka Ufaransa mara tano, toka 1969 hadi 1972 na tena 1974. Mwezi wa Septemba 1969 alianguka vibaya katika uwanja wa Blois, huko Ufaransa. Mtu aliyemtangulia kwa pikipiki alikufa, naye Merckx aliumia mgongo na nyonga. Toka siku hiyo hakupata tena kuketi kwa raha. Milimeta mbili za urefu wa kiti zilimsumbua kuliko adui zake. Alizoea kuchukua ufunguo na kusogeza kiti chake hata akiwa mwendoni, katikati ya mbio, huku wengine wakimtazama. Mtu kama huyo akija mlangoni kwako wakati wa baridi, hutamaliza kazi mapema. Ugo De Rosa, fundi wa Cusano Milanino, kaskazini ya Milano, alijua jambo hilo. Katika miaka ya 1970 alimtengenezea Merckx fremu nyingi. Mwaka 1980, Merckx alipokwisha kuacha mbio, alifungua karakana yake mwenyewe katika Meise, karibu na Brussels, na De Rosa ndiye aliyewafundisha mafundi wake. De Rosa alifariki mwaka 2023.

Moto

Vipimo vikiisha kuandikwa, fundi huchagua mabomba. Mafundi wa Milano hawakwenda mbali, maana mabomba ya Columbus yalitengenezwa mjini mwao. Bomba la fremu ya mbio ni jambo la ajabu kidogo. Kwa nje unene wake ni mmoja. Kwa ndani ni nene miishoni, mahali pa kuungwa, na jembamba katikati. Katika aina moja iliyopendwa sana, ukuta wa chuma miishoni ni milimeta 0.9, na katikati 0.6 tu, yaani kama karatasi sita za daftari zilizobanwa pamoja. Juu ya karatasi sita hizo mtu mzima hushuka mlima kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa.

Hapa tuseme neno kwa wale wa kwetu wanaosafirisha makaa. Fremu ya namna hii haiwafai! Ikipewa magunia mawili, itakufa kabla ya jua kutua. Fundi wetu aongezaye nondo katika uma wa mbele ajua afanyalo, wala asicheke wala asichekwe. Kila fremu na mzigo wake. Hata mafundi wa Milano wangekubali.

Mabomba hukatwa kwa msumeno, kisha miisho yake hupigwa tupa mpaka bomba moja likae juu ya jingine bila mwanga kupita kati yao. Wakati wa baridi hii ndiyo kazi ichukiwayo na vijana. Chuma kilicholala usiku kucha katika ukungu huuma vidole, tupa nayo huuma kiganja, na ngozi hupasuka penye viungo. Tena kuna adui wa pili: kutu. Bomba lililosafishwa jioni likiachwa wazi, asubuhi laweza kuwa na vumbi jekundu. Kwa hiyo kila kilichosafishwa hupakwa mafuta, na kabla ya moto mafuta hayo huondolewa kabisa, hata alama ya kidole isibaki.

Sababu yake ni hii. Mabomba hayaunganishwi kwa kuyeyusha chuma chenyewe. Kila mwisho huingia katika kiungo, ala fupi ya chuma iliyochongwa vizuri, na katikati ya bomba na kiungo huachwa nafasi ndogo mno. Nafasi hiyo hujazwa shaba iliyochanganywa na zinki. Msomaji wetu wa Kipushi, ambako ardhi hutoa shaba na zinki pamoja, hahitaji kufundishwa madini hayo. Fundi hupaka dawa ya kulehemia, huwasha gesi ya asetilini pamoja na oksijeni, na kuanza kukipasha kiungo taratibu, kukizunguka pande zote.

Kwanza chuma hutoka jasho. Ndiyo, kweli: moto wa gesi una mvuke wa maji ndani yake, nao ukigusa chuma baridi hutona matone. Mtu asiyejua hushangaa kuona moto ukilowesha. Halafu jasho hukauka, dawa huchemka na kuwa kama kioo, chuma hupata rangi ya damu, kisha rangi ya chungwa. Fundi hana kipima joto, ana macho. Shaba ile huyeyuka karibu na digrii 900. Akikosa joto, shaba hujikunja kama tone la maji juu ya jani la yungiyungi na kukataa kuingia. Akizidisha, zinki huungua na kutoa moshi mweupe wenye sumu, na chuma chembamba hupoteza nguvu zake. Kati ya kukosa na kuzidisha ni sekunde chache tu. Ndipo huona jambo alilolingojea: shaba huenda yenyewe. Hufuata moto, hunyonywa ndani ya nafasi ile nyembamba, hupotea upande huu na kutokea upande wa pili kama uzi mwembamba wa dhahabu unaozunguka ukingo wa kiungo.

Wakati huo mlango haufunguliwi. Upepo wa baridi ukipiga kiungo chenye moto, hupoa upande mmoja kabla ya mwingine, na fremu hujipinda. "Funga mlango!" ndilo neno ambalo kijana anayejifunza kazi hulisikia mara nyingi kuliko salamu. Rafiki wa mteja aliyekuja kuota moto hukaa kimya hata yeye.

Fikirini sasa hali ya fundi. Kiungo kimepoa, kimesafishwa, chang'aa. Ndani yake je? Uzi wa dhahabu ukionekana pande zote, ni dalili njema. Lakini penye uchafu, shaba huenda ilipita kando na kuacha pengo, wala jicho la mtu halioni ndani. Juu yake itakuja rangi. Juu ya rangi litakuja jina. Mteja atashuka mlimani akiuinamia usukani, mke na watoto wake wakimngoja nyumbani, na kati yake na barabara hakuna kitu ila kiungo kile. Mwenye kufahamu yaliyomo ni mtu mmoja tu, aliyekuwako pale jioni ya Januari, amechoka, na gesi karibu kwisha, na fremu nyingine tatu zikimngoja. Akiwa na shaka, kuna dawa moja: kukata, kutupa, kuanza tena. Hasara ni yake, maana mteja hajui neno. Ndipo fundi apimwapo kuliko mteja aliyesimama ukutani.

Sekunde kumi na tatu

Baada ya moto fremu huwekwa juu ya bapa zito la chuma ili ionekane kama imenyoka. Kosa dogo hurekebishwa kwa mikono na wenzo. Kosa kubwa halina msamaha. Mnyofu wa chuma si mapambo. Tusimulie tena habari ya Colnago.

Mwaka 1955, chumba chake kikiwa hakijatimiza miaka miwili, alikutana barabarani na Fiorenzo Magni, bingwa aliyekwisha kushinda mbio za kuzunguka Italia mara mbili. Magni alilalamika kwamba mguu wamuuma. Wengine walitazama mguu. Colnago alitazama baiskeli. Aliona kwamba mikono ya pedali haikukaa katika mstari mmoja. Siku zile mikono hiyo ilishikwa kwa kabari ndogo za chuma, nayo kabari ikichongwa vibaya kidogo, mguu mmoja husukuma mapema kuliko mwingine, maelfu ya mara kwa siku. Alizichonga upya katika chumba chake cha meta tano, na maumivu yakaisha. Magni akamchukua awe fundi wa pili katika mbio za Italia za mwaka ule. Walizunguka nchi, zaidi ya kilometa 3,800, na mwishoni Magni, mwenye umri wa miaka 34, alishinda. Alimpita Coppi kwa sekunde 13. Hatusemi kwamba kabari ndiyo iliyoshinda. Magni alikuwa simba. Lakini sekunde kumi na tatu ni muda wa kufunga kamba za viatu.

Kazi zilizobaki tutazipita upesi. Viungo hupigwa tupa na msasa mpaka kingo zake ziwe nyembamba. Huchukua muda mrefu, nayo ni kazi ya kimya ya siku za ukungu mzito. Kisha rangi, ambayo katika baridi haikauki vizuri isipowekwa katika tanuri. Kisha magurudumu, mnyororo, breki.

Jambo moja zaidi lastahili kuelezwa, kwa maana wengi hawalijui. Mpiga mbio alilipwa na kampuni kubwa ili apande baiskeli yenye jina la kampuni hiyo. Ila mara nyingi alitaka fremu ya fundi aliyemwamini. Basi fremu ilitengenezwa katika karakana ndogo, ikapakwa rangi ya kampuni, jina la kampuni likaandikwa juu yake, na ushindi ukatangazwa magazetini kwa jina hilo. Fundi alilipwa fedha yake, akafunga mdomo. Je, ni uongo? Sisi twaona ni biashara isiyopendeza sana. Lakini fundi aliyekubali alilisha watoto wake wakati wa baridi, wala hatutamtupia jiwe.

Baadaye zilikuja nyakati ngumu zaidi. Palitokea fremu za alumini, halafu za kaboni, ambazo hazihitaji shaba wala tupa, na kazi nyingi ilihamia viwanda vya Taiwani na China. Karakana nyingi za kandokando ya Milano zilifunga milango, na vijana hawakupenda tena kupasuka vidole. Colnago mwenyewe alikuwa mkubwa, akaingia katika kaboni kabla ya wengi. Mwaka 2020 aliuza sehemu kubwa ya kampuni yake kwa watu wa Abu Dhabi, na mwaka huo huo baiskeli yenye jina lake ilishinda mbio za kuzunguka Ufaransa kwa mara ya kwanza. Hata hivyo mafundi wadogo hawakwisha. Wako bado katika Italia, tena Uingereza, Marekani na kwingineko, wakiunganisha mabomba ya chuma kwa moto, fremu moja kwa mtu mmoja, na mteja hungoja miezi, pengine zaidi ya mwaka. Bei yake si ya maskini. Sababu ni wazi: mnunuzi hulipa mikono, naye mwenye mikono hana ila miwili.

Turudi mwezi wa Machi. Mwaka 1970 Waitalia walikuwa na uchungu moyoni, maana tangu 1953 hakuna mwana wa nchi yao aliyeshinda mbio za San Remo. Siku ile ya tarehe 19, Michele Dancelli, akipanda baiskeli ya Colnago, aliwaacha wenzake yakiwa yamebaki makumi ya kilometa, akaenda peke yake kando ya bahari, akafika mjini kwa maua akilia machozi. Baada ya ushindi huo Colnago alitwaa ua jeusi la karata kuwa alama ya baiskeli zake.

Siku za namna hii ukungu umekwisha kuondoka katika uwanda wa Po, na mlango wa karakana huachwa wazi kwa mara ya kwanza. Misumari ya darini haina kitu; fremu zote zimekwenda. Fundi hufagia vumbi la chuma na matone ya shaba yaliyoanguka sakafuni tangu Novemba. Lakini kama ilivyo desturi, imebaki moja. Ni ya mvulana ambaye baba yake amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo. Leo wamekuja kuichukua, na fundi amtazamapo kijana huyo anatikisa kichwa. Alipimwa mwezi wa Desemba, na tangu hapo ameongezeka sentimeta tatu. Basi na avue viatu, asimame tena ukutani.